Kumi kwa Kumi kwa Projekta ya Mkobani

Jumatatu, 6 Machi
Bahati imenipitia mlangoni! Meneja kanikabidhi projekta ndogo, haizidi mche wa sabuni, niijaribu wiki nzima. Ikifaa, kila muuza viti wa kampuni yetu atapewa yake ya kwenda nayo kwa wateja. Ijumaa tunaionyesha kwa mteja wa kweli. Hakusema zaidi, lakini kiti cha mkuu wa mauzo kiko wazi, na mimi si mtoto. Bwana Pasi, muuzaji mwenzangu, naye anakitaka. Tunamwita hivyo kwa sababu mashati yake meupe hayajawahi kuona mkunjo. Akauliza kwa upole kama anisaidie kuijaribu. Nikamwambia asijisumbue.

Fomu ya tathmini ina vipengele kumi. Nimevijaza vyote kabla ya chakula cha mchana. Mwangaza: kumi. Betri: kumi, saa tatu bila kuzima, kama boksi linavyosema. Boksi lenyewe nitalifungua kesho.

Jumanne, 7 Machi
Meneja kaisoma fomu, kafurahi. Akasema basi Ijumaa katalogi zibaki ofisini.

Jioni nimeijaribu sebuleni. Mapazia nimefunga, shuka nimetundika ukutani, waya nimechomeka kwenye umeme. Loo! Kiti kikubwa kama kitanda! Mke wangu akauliza kama wateja nao hufunga mapazia. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mwenyewe. Akajibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumwambia hivyo mtu anayekula kwa kutembeza viti! Nilinuna mpaka chakula kilipoiva.

Alhamisi, 9 Machi
Nimepeleleza ofisi ya mteja. Nilijifanya natafuta choo. Chumba chao cha mikutano kina dirisha moja tu, lakini limechukua ukuta mzima, na jua linaingia bila hodi. Pazia hakuna. Kuta nyingine zimejaa makabati ya mafaili mpaka juu.

Ningeweza kumwambia meneja ukweli. Lakini kumi ni kumi. Dawa ni shuka. Nimelianua lile kubwa la mke wangu kambani, kimyakimya.

Ijumaa, 10 Machi
Kwa mteja tulifika watatu: meneja, Bwana Pasi na mimi. Nililitundika shuka dirishani, chumba kikapata giza zuri. Nikawasha. Ndipo nikagundua kwamba shuka ni moja, na nililihitaji mahali pawili, maana pale dirishani jua la nyuma lilifuta picha! Kwenye makabati kiti kilikatika vipande saba. Mteja akauliza kwa heshima kama hivyo ndivyo kinavyouzwa.

Nikatupa macho huku na huku. Cheupe kingine chumbani kilikuwa kimoja tu: shati la Bwana Pasi. Nikamwomba asimame mbele. Kiti kikamkaa kifuani, kizima, kimenyooka! Nilijipongeza sana. Dakika ya kumi na nane, betri ikakata roho, na waya nimeuacha sebuleni.

Wote wakabaki wanamtazama Bwana Pasi, maana ndiko nilikowaelekeza. Naye, kwa kuwa alishasimama, akaendelea. Alieleza kila kiti kwa kichwa, akamuuliza mteja mgongo humuuma wapi. Mteja kaagiza viti sitini. Meneja alimpa mkono Bwana Pasi, mimi akaniambia nianue shuka. Iliniuma, sifichi.

Jumatatu, 13 Machi
Bwana Pasi ndiye mkuu wa mauzo. Mke wangu alisema tu kwamba shuka limerudi na vumbi.

Saa mbili asubuhi mkuu mpya akaniita. Hakunicheka, jambo lililonikera zaidi. Akanipa spika ndogo ya kubeba mkononi, niipime wiki hii, na fomu yake. Akanisihi, safari hii niijaribu kwanza. Nikamwahidi, kwa moyo wangu wote.

Kosa la wiki iliyopita nimeliona: nilizembea na fomu hadi karibu mchana. Hii ina vipengele kumi na viwili, na kufika saa tatu nilikuwa nimeshamaliza.