Kidole cha Champe

Jumatatu, Desemba 17, 2007

Leo nimeanza shajara. Mhakiki wa gemu lazima aweke kumbukumbu. Nakuru nzima mhakiki ni mmoja tu, nami ndiye. Dhruv anasema tuko wawili. Dhruv hajui kitu.

Nieleze kidogo, huenda siku moja shajara hii ikachapishwa. Mimi ni Hiram. Nina kibanda cha gemu nyuma ya stesheni ya reli. TV moja, pleistesheni moja ya zamani, mabenchi mawili. Ukutani nabandika karatasi zangu, "Maoni ya Hiram", kwa wino mzito, ili wateja wajue ipi ni gemu na ipi ni takataka. Mwenzangu ni Kipkemoi, kijana wa Kuresoi. Mtaani hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita Champe, yaani bingwa, maana tangu aje hajawahi kufungwa na mtu. Hata dada yangu Njoki, fundi wa nguo mlango wa pili, humwita Champe, tena kwa sauti ambayo mimi sijawahi kusemeshwa nayo.

Siri moja, ya hapa tu. Mimi sijui kucheza. Vidole vyangu ni vizito. Champe hucheza, mimi hutazama, halafu naandika.

Sasa huyu Dhruv. Ni mpwa wa Falguni, yule mama mwenye duka la vyombo vya umeme Kenyatta Avenue. Wameleta pleistesheni mpya, ile ya tatu, moja tu ya kuonyesha watu. Imefungwa kwa mnyororo kama mbwa. Ndani ina demo, yaani vipande vya gemu ambazo bado hazijatoka. Unacheza dakika chache, inakwambia kwaheri, nenda kanunue. Na Dhruv ameanza kubandika maoni yake kwenye kioo cha duka. Yamechapwa kwa kompyuta! Kwa rangi!

Sitakubali.

Alhamisi, Desemba 20

Mpango wa leo: tai. Nimevaa tai ya marehemu baba, Champe nikamvalisha koti langu, tukamwambia Dhruv tunanunulia shule moja ya Gilgil mashine kumi. Dhruv akauliza ni shule gani hiyo inafundisha watoto gemu. Nikasema ni ya kisasa. Akacheka, akatupa dakika kumi na tano.

Demo ya kwanza, mpira. Timu nne tu. Lakini jasho linaonekana shingoni mwa mchezaji! Refa hana uso. Alama saba. Ya pili, magari. Mvua inanyesha kwenye kioo cha gari hadi Champe akajikuta anapangusa TV kwa mkono wa koti langu. Alama nane.

Ya tatu, vita. Mji unaungua, wewe unapita nyumba hadi nyumba. Hapa nilikuwa mkali. Moshi haufanani na moshi. Ni mweusi mno, tena umesimama wima kama mlingoti wa simu. Na watu wanakimbia wamebeba vitu vya kijinga. Godoro. Kuku. Nani anakimbia vita na kuku? Alama nne.

Dhruv akanikamata nikiandika ndani ya koti. Akasema wanunuzi hawatoi alama. Tukatolewa nje, na mlango ukafungwa nikiwa nje na tai ikiwa ndani. Champe alicheka hadi akakaa chini kwenye lami.

Jumapili, Desemba 23

Ushindi! Kwa muda.

Falguni, tofauti na mpwa wake, ni mtu wa watu. Nilimwendea Jumamosi Dhruv akiwa amekwenda kula, nikamlilia hali. Akanipa CD ya demo ya mpira iliyokuja na gazeti fulani, inaingia kwenye mashine yetu ya zamani. Bure. Nikabandika nje: GEMU MPYA, IMEFIKA KWA HIRAM KABLA IFIKE NAIROBI. Watu wakajaa hadi dirishani. Neno "demo" sikuliandika. Lingewachanganya.

Kahiga, yule mbeba magunia wa sokoni, mwenye mabega kama mlango, alikuwa anaongoza mbili bila. Dakika ya tatu mpira ukakatika, TV ikasema ahsante kwa kujaribu. Kahiga akafikiri nimezima. Akanishika kola. Miguu yangu ikaacha sakafu.

Champe akasimama juu ya benchi, akasema huo ndio mchezo wenyewe: dakika tatu, atakayefunga mengi ni mfalme, anaondoka anaingia mwingine. Ala! Wakapenda. Walicheza hivyo hadi jioni, wakipiga kelele za kuwapa watu wa kanisa la jirani kazi ya kutuombea. Kahiga alimkumbatia Champe, akamwita ndugu yake wa damu. Mimi hakuna aliyenikumbatia. Nimebandika karatasi kueleza kwamba wazo lilikuwa langu.

Jumatano, Januari 2, 2008

Mambo ni mabaya. Matokeo ya kura yalitangazwa Jumapili na tangu hapo hakuna anayelala vizuri. Huko Kuresoi na Molo watu wa kwao Champe wanachoma nyumba za watu wetu. Malori yanashusha watu uwanja wa shoo. Nilikwenda kuangalia. Mwanamke mmoja alishuka na kuku kwapani, mwingine na godoro.

Nimepandisha ile gemu ya vita hadi alama sita.

Champe hajui mamake, Jepleting, yuko wapi. Simu haishiki. Anataka kuhamia kwa binamu yake ng'ambo ile ya mji, kwa watu wa kwao, mpaka mambo yatulie. Nikamuuliza nani basi atalinda mashine, maana ndiye anayelala kibandani. Nikamwambia hapa wewe ni Champe, hakuna anayekujua kwa jina lingine, utaogopa nini? Njoki akaniambia nimwache aende. Nikamwambia ashone nguo zake.

Amebaki.

Jumatano, Januari 23

Biashara hakuna. Wateja wanakaa nje kwa vikundi, wanaongea chinichini, ukikaribia wananyamaza. Kahiga amepokea jamaa zake tisa kutoka Kuresoi, wanalala jikoni kwake. Shangazi yake aliachwa huko, hakutoka ndani ya nyumba. Kahiga hachezi tena. Nilimpa pole na nikamwambia kuna gemu ya magari ingemsahaulisha. Aliondoka kabla sijamaliza.

Dhruv ametangaza kwamba Jumamosi atafungua demo mpya, ya ndondi. Champe leo amefunga mfuko wake, anataka kuondoka asubuhi. Lo! Demo ya ndondi bila Champe nitaandika nini? Nilimsihi. Nikamwambia siku tatu tu, Jumamosi ukishacheza nakusindikiza mwenyewe kwa miguu hadi kwa binamu. Akanitazama sana. Akasema sawa, Hiram, kwa sababu ni wewe.

Njoki amekataa kunipakulia chakula.

Ijumaa, Januari 25

Tangu jana mji umewaka. Mabomu ya machozi, risasi, firimbi. Nimepanda juu ya tangi la maji nikaona moshi pande tatu. Ni mweusi. Umesimama wima.

Ile gemu, alama tisa. Naomba radhi kwa walioitengeneza.

Saa nne hivi habari ikapita kama upepo: wale wa upande ule wanashuka, wanachoma kila mlango usio na jina la kwao. Watu wakaanza kuandika majina milangoni, kwa chaki, kwa makaa. Wenye nyumba wanaandika yao, wengine wanaandika ya kuazima. Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nilikuwa na rangi iliyobaki ya kibao chetu. Nikaandika mlangoni, herufi za futi nzima: KWA KIPKEMOI. Nikaongeza KURESOI chini yake, wasiwe na shaka. Wakija watasoma, watapita, mashine itakuwa salama.

Champe alikuwa ndani amelala. Usiku wote alikuwa anasikiliza redio akitafuta habari za kwao. Sikumwamsha. Nilimfungia mlango taratibu, nikachukua CD zote, nikaenda kwa Njoki nikajifungia.

Jumamosi, Januari 26

Hawakuja. Wale wa upande ule hawakuja kabisa.

Waliokuja ni wa kwetu.

Niliwaona jana mchana kupitia pazia. Kahiga alikuwa mbele na panga. Wakasimama mbele ya kibanda. Kahiga akasoma mlango kwa sauti, polepole, neno moja baada ya lingine. Akauliza Kipkemoi ndiye nani. Hakuna aliyejua. Miaka miwili, na hakuna aliyejua. Wakapiga mlango teke. Champe akatoka, ana alama za mkeka shavuni. Akawaona, akatabasamu, maana ni watu anaowafahamu.

Kahiga alimtazama kwa muda. Akasema, "Kumbe ni wewe."

Mimi sikutoka. Niliogopa. Nilikaa chini ya cherehani nikaziba masikio. (Hii isichapishwe.) Njoki ndiye aliyetoka. Alipita katikati yao, akamlalia Champe pale chini, akapiga mayowe kwa lugha ya nyumbani, akiwataja mmoja mmoja kwa jina la mama yake, hadi gari la jeshi likapita wakatawanyika. Bila Njoki ningekuwa naandika mengine. Lakini Champe alikuwa ameshainua mkono kujikinga. Mkono wa kulia. Kidole gumba hakipo, na kinachofuata kinaning'inia.

Mashine wameichukua. Walikunja nyaya vizuri kabla ya kuibeba, nashukuru kwa hilo.

Duka la Falguni halikufunguliwa. Demo ya ndondi sijaiona.

Jumanne, Januari 29

Kafyu, ile amri ya kutotoka nje, inaanza jioni, kwa hiyo nilikwenda hospitali mchana. Champe amelazwa karibu na dirisha, mkono umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga. Njoki alikuwepo, anamlisha uji. Akasimama akatoka bila kunisalimu.

Nilimletea karatasi zangu za maoni azisome. Hakuzishika. Akaniuliza, "Nani aliandika jina langu?"

Nikasema nyakati kama hizi watu wanaandika ovyo, huwezi kujua.

"Hiram. Mwandiko wako nimeusoma ukutani miaka miwili."

Basi nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa utaratibu, kwamba hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, ni uvumi tu uliokuwa wa uongo. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungeandika jina lako, wangepita."

Nikamwambia ni kweli, lakini je, kama wangekuja wale wengine? Mashine si ingeungua? Akageukia ukuta. Nadhani ni zile dawa, zinamchosha. Nikakaa kama nusu saa nikitazama mgongo wake.  Nikatandaza shuka lililokuwa limeanguka nikaenda zangu.

Jumatatu, Machi 3

Wakubwa walitia sahihi mkataba wa amani Alhamisi na mji umeanza kupumua. Maduka yanafungua. Kahiga nimemwona sokoni amebeba gunia la viazi. Alinisalimu. Nikamsalimu. 

Champe ameondoka leo asubuhi. Mamake amepatikana Londiani, mzima, na Champe anamfuata huko. Njoki alimshonea shati lisilo na vifungo, la kuvaa kwa kichwa, ili asisumbuke na mkono. Wakasimama stendi muda mrefu. Nilipofika nikampa mkono. Hakuupokea. Wa kulia sawa, umefungwa, lakini wa kushoto mbona ulikuwepo? Akapanda gari akaangalia mbele.

Nimemsamehe. Amepitia mengi.

Nililia kidogo nikirudi, kwa njia ya nyuma ili nisionekane. Kibanda bila yeye ni mabati tu. Nimepaka rangi mlango mara mbili na herufi bado zinaonekana jua likipiga.

Mchana nikaenda kwa Dhruv. Kioo kimevunjwa, wameziba kwa mbao, ila mashine walikuwa wameificha dukani kwa ndani chini ya maboksi ya vyombo. Nikasikia jambo la ajabu, kwamba Dhruv amekwenda hospitali kumwona Champe mara tano na hakuniambia. Mtu mnafiki sana. Lakini hebu ngoja! Ana demo mpya. Magari tena. Kontrola hii, yaani kishikio cha kuchezea, huihangaishi na vidole, unaishika kwa viganja na kuiinamisha kama usukani, gari linakufuata. Kidole gumba hakina kazi! Nilijaribu mwenyewe nikamaliza mzunguko mzima bila kugonga ukuta. Alama kumi. Sijawahi kumpa mtu kumi.

Na Dhruv anaandaa mashindano ya gemu hiyo hiyo mwezi wa nne, kwa mji wote. Orodha ya washindani inaandikwa kwenye zile mbao za mbele ya duka, barabarani, kila anayepita asome. Ilikuwa na majina mawili ya watoto. Nikaomba brashi. Nikamwandika Champe juu kabisa, jina kamili la kwao na mahali anakotoka, kwa herufi kubwa, lisomeke hadi ng'ambo ya Kenyatta Avenue.

Dhruv akaniuliza kama Champe mwenyewe anajua. Nikamwambia atafurahi sana akiliona.