Magugu Yangu Kwenye Sahani Yenu

Kwa Meneja,
Hoteli ya Ufukweni,
Upande wa pili wa kisiwa.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu na mimi huandika polepole. Darasa la nne niliachana nalo kabla hatujazoeana, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, isukume tu, itasimama. Mimi ni yule mzee anayewaletea mboga kila Ijumaa kwa mkokoteni, ambaye mlinzi wako humwambia apitie mlango wa nyuma, ingawa kabichi zangu ni safi kuliko viatu vyake.

Ninamlalamikia mpishi wako mkuu, kwa adabu zote. Naweka namba ili usipotee njiani.

1. Mwezi uliopita mpishi huyu alikuja shambani kwangu akasema hoteli imeamua kupika vitu vya hapahapa kisiwani. Nikafurahi. Nikamwonyesha kabichi, nyanya, bilinganya. Akazipita kama watu asiowajua. Akaenda kupiga magoti nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo jembe langu lilikuwa halijafika, penye yale magugu ya kutambaa yenye majani manene. Akachuma jani, akalitia mdomoni, akafumba macho. Nikadhani anazimia, nikamwita mke wangu alete maji. Alipofumbua macho akasema, "Mzee wangu, haya tafadhali usiyaguse."

2. Tangu siku hiyo nimekatazwa kupalilia. Marehemu baba aliyang'oa magugu haya, nami nimeyang'oa miaka arobaini, na mgongo wangu umepinda hivi ulivyo kwa ajili yao. Leo naambiwa niyapishe. Nikitoka asubuhi nayakuta yamenawiri, yananitazama.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa upande wetu. Sheria ya kikundi niliitunga mwenyewe na kuipigilia misumari kwenye mlango wa ghala: mwanachama atakayekutwa na magugu atasimama mbele ya wenzake aeleze uvivu wake ulianza lini. Nimewasimamisha wengi. Shemeji yangu nimemsimamisha mara mbili, na mara ya pili alikuwa na mguu uliovunjika. Sasa Jumapili hii ni zamu ya shamba langu kukaguliwa. Jirani yangu, tunayemwita Fundi Redio kwa sababu haachi kutangaza, ameshakuja kuegemea ua wangu na kupaza sauti, "Mwenyekiti! Uvivu ulianza lini?" Nikamwambia huu si uvivu, ni chakula cha wageni wa hoteli. Alicheka mpaka ua ukainama. "Basi shamba langu mimi ni hoteli ya nyota tano!" Wanachama wameshakubaliana: nikikutwa na magugu, uenyekiti anachukua yeye. Mheshimiwa, mimi sina cheo kingine. Hata nyumbani sina.

4. Nilikuja kwenu kuhakikisha kama kweli yanaliwa. Mpishi akanikaribisha mezani, ukumbi wa mbele kabisa, na mlinzi wako akanifungulia mlango huku akitazama pembeni. Ikaletwa sahani pana kama ungo. Katikati kuna samaki wa ukubwa wa kidole gumba, na juu ya samaki, majani matatu. Niliyatambua. Nusura niyasalimie. Mhudumu wako mwenye tai akasimama kando yangu, akanieleza majani yale kwa muda unaotosha kuivisha viazi: kwamba yamelelewa na upepo wa chumvi, na kwamba yanatoka kwa mkulima mwenye hekima aliyeiachia ardhi ifanye inavyotaka. Mkulima huyo ni mimi. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Mama mmoja mgeni, meza ya pili, akajifuta machozi kwa kitambaa cha mezani.

Niliporudi nikamsimulia mke wangu. Akasema, "Kumbe ungekaa barazani miaka yote hiyo, baba watoto, tungekuwa watu wa maana." Nilimngoja acheke. Hakucheka.

5. Kwa kuwa jina langu linaharibika kwa ajili ya hoteli, hoteli inilinde. Kwanza niliwaza niombe kibao cha kusema haya ni chakula. Lakini Fundi Redio hasomi, yeye anatangaza tu. Nikawaza cheti chenye mhuri. Wanachama wangu hawaamini mihuri tangu walipogundua kwamba wa kikundi niliuchonga kwenye kiazi. Basi naomba mhudumu mwenye tai. Asimame shambani Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi, na kila mwanachama akilikaribia gugu, amweleze. Aje na sahani na yule samaki wa kidole gumba, ili jani lionekane likiwa kazini. Na kama yule mama wa machozi hajasafiri, aje pia. Kiti nitampa.

Ikishindikana, Jumamosi nitang'oa kila kitu mpaka mzizi wa mwisho, na mpishi wako atakula kabichi kama binadamu wengine.

Wasalimie wapishi wote, na wanaofua mashuka, na mlinzi, ingawa yeye msalimie kidogo. Mke wangu anakusalimu, tena yeye anakusalimu kwa moyo kuliko mimi.

Wako mwenye heshima iliyosalia,
Mwenyekiti (mpaka Jumapili)

Nyongeza: Nilikosa bahasha, barua ikabaki mfukoni, na Jumapili imeshapita. Mhudumu asije. Niliona aibu wenzangu wakute magugu yameota ovyoovyo, kwa hiyo Jumamosi nzima niliyahamishia kwenye matuta, mistari minne iliyonyooka, nikayatilia mbolea na kuyamwagilia. Kabichi zilizokuwa zinayabana nimezing'oa. Wamekagua wakaridhika, uenyekiti umebaki kwangu, na sheria mpya iko mlangoni: atakayekutwa na kabichi katikati ya magugu atasimama aeleze. Kila mtu sasa anataka kuwaletea haya majani. Tafadhali mpishi asipokee ya mtu mwingine yeyote. Ya kwao yameota yenyewe tu, hayana malezi.