Bata Bukini wa Mehitabel na Umeme wa Pratt

Alhamisi, 1 Machi 1888
Jumatatu mkutano wa mji unapiga kura: taa za barabarani ziwashwe kwa umeme wangu au wa Lemuel Pratt. Wangu unakwenda moja kwa moja, kiungwana. Kasoro ndogo tu: ukifika kanisani umeshachoka. Wa Pratt unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mlevi aliyesahau kofia. Lakini unatoka kinuni kwake, maili mbili, na unafika na nguvu zote! Nikishindwa, mashine yangu ni chuma chakavu, na mimi narudi kukamua ng'ombe wa baba mkwe. Mungu apishe mbali!

Jumamosi, 3 Machi
Dawa yake nimeipata! Pratt ana masanduku ya chuma ya kuongeza na kupunguza nguvu ya umeme. Nimeazima moja kibandani kwake. (Hakuwepo, ningemwomba nani?) Nitaliunganisha na mashine yangu, nimuue bata bukini mbele ya mkutano. Watu waone sanduku la Pratt linavyoua! Kwa furaha nimekula sahani tatu za maharage ya Jumamosi. Mke wangu, Mehitabel, aliuliza mbona namkodolea macho bata wake. Nikasema nampenda tu. Akasema bata huyo akipungukiwa hata unyoya mmoja, yeye anarudi kwa mama yake.

Jumatatu, 5 Machi
Aibu! Uani mwa ukumbi, mji mzima unatazama. Nikawasha. Bata alishtuka mara moja, akanitukana kwa lugha yake, basi. Sanduku likapata joto. Bata akapanda juu yake, akajikunyata, akafumba macho! Shemasi Alden akasema kama huo ndio umeme muuaji, apelekewe nyumbani, magoti yanamsumbua. Vicheko! Mikono yote ikanyanyuliwa kwa Pratt. Hata wa shemeji yangu.

Jumanne, 6 Machi
Pratt kaja. Nikajua kaja na polisi. Kumbe anacheka hadi machozi. Akasema sanduku lile ni la umeme wa kwenda na kurudi tu. Wangu haliuongezi kitu. Ningeliunganisha na waya wake, leo angekuwa ananizika mimi na bata. Lo, ahueni iliyoje! Mimi mzima, bata mzima, mke yupo. Na Pratt kaniajiri nitunze mitambo yake. Eti afadhali niwe mahali anaponiona.

Nimekoma kabisa. Ila betri za mashine yangu zimeisha nguvu, na waya wa Pratt unapita karibu na kiti changu cha kazini. Kesho nitazijaza kwa waya huo. Pratt kaniambia umeme wake haujazi betri. Choyo tu! Umeme ni umeme.