Nafasi ya Mwana wa Fatouma

Divin wa Cibitoke aliingia famasi kununua dawa ya kikohozi, akatoka na mpango wa kupata nyumba.

Mbele yake alisimama bibi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, Mama Fatouma. Mfamasia Christa alikuwa akimweleza kwamba ubongoni mna protini zinazopaswa kukunjika vizuri. Zikikunjika vibaya hugandamana, seli zikafa, na mgonjwa akasahau watu.

"Hata mutoto alizaa mwenyewe?" Fatouma aliuliza.

"Hata yeye, mama."

Bibi akafuta machozi. Divin naye aliguswa, kwa namna yake. Aliwauliza mafundi magari wa mtaani, wakamwambia mwana pekee wa Fatouma, Aboubacar, yuko Ubelgiji tangu ujana, na nyumba ya mama itakuwa yake siku atakayorudi. Sayansi ilikuwa imeacha nafasi wazi, na Divin hakuwa mtu wa kuchezea nafasi.

Alibisha hodi na sanduku, amevaa kanzu ya kuazima. "Mama, ni mi, Abou."

Fatouma alimtazama sana, akamkumbatia. Kisha akauliza kama huko Ulaya alikuwa akifunga Ramadhani. Divin, Mkatoliki mzaliwa wa Uvira, aliona toba ingependeza zaidi, akakiri hakufunga hata siku moja. Basi mama akaamua azilipe zote kwanza, mambo ya nyumba yatafuata.

Divin akafunga. Mchana Fatouma alikula ndizi na samaki wa mukeke mbele yake bila haraka, akisingizia uzee. Tena mwana ni mwana: katika chumba cha ndani alilala dada mkubwa wa Fatouma, Yasmina, asiyeweza kusimama. Divin alimbeba kwenda kuoga, akamlisha uji huku yeye akimeza mate.

Hatimaye njaa ikamshinda, akaulizia nyumba.

"Mi namujua mutoto wangu," Fatouma akasema, akitoa miiba ya samaki. "Tunaongea naye kila Ijumaa ku telefone. Protini zenye ziliharibika ni za dada yangu. Mugongo yangu inauma, sikuweza kumubeba peke yangu. Mulango ni ule, baba."

Divin aliona aibu, aibu ya kweli, akachukua sanduku lake. Sauti ikaita kutoka chumbani: "Abou, mwanangu, umeenda wapi?"

Katika Buyenzi nzima Yasmina ndiye pekee aliyedanganyika, na hakuwa hata na kiti cha kurithisha. Divin akasimama mlangoni, akazilaani protini zote kimoyomoyo, akaweka sanduku chini.

"Niko hapa, mama."

Fatouma akamsogezea sahani ya mukeke, akamwambia ale vizuri, maana jioni kuna kubeba tena.