Baba wa Ubatizo kwa Mizunguko Minne

Jumanne, 27 Agosti

Joto bado. Mahindi yamenizidi urefu, na mimi si mfupi. Mchana tulikula kwa dada yangu. Binti yake, Jorinde, tumbo limemtangulia kama ngoma ya sherehe, akasema mtoto yuko njiani na bado hajapata baba wa ubatizo. Nikakohoa. Norbert naye akakohoa. Huyu Norbert ni mdogo wa baba yake Jorinde, basi anajiona ana haki. Baba mdogo! Mjomba ndiye damu, hata kuku wanajua.

Kwetu hilo si jambo dogo. Jina la baba wa ubatizo, na la mama wa ubatizo akiwepo, hufuata jina la mtoto, linaandikwa mpaka kwenye pasi ya kusafiria. Mimi na mke wangu Godelieve hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo jina langu, Marnix, lisipopata pa kushika, litaishia kwenye jiwe la kaburi langu. Nikalieleza hilo kwa heshima, nimesimama. Norbert akasema mtoto akiitwa Marnix atazaliwa anadanganya tayari. Wakacheka wote. Mke wangu akacheka mpaka akaweka uma chini.

Jorinde akachoka na sisi. "Jamani, nyie si ndio wanaume wa baiskeli? Sikukuu ya kijiji hiyo inakuja. Atakayefika wa kwanza mbio za ukoo, namchukua huyo huyo. Niacheni nile."

Alisema kwa utani. Nikampa mkono palepale, kabla utani haujapoa.

Ijumaa, 30 Agosti

Mazoezi yameanza. Nimepanda kilima cha mawe. Ndicho kilima nilichomwachia vumbi bingwa mmoja mkubwa, mwaka ule wa mvua nyingi. Simtaji, familia yake bado wapo hai na wana aibu. Enzi hizo kilima kilikuwa kirefu zaidi.

Katikati nilishuka ili kuangalia mandhari. Bibi mmoja na mbwa wake wakanipita. Kisha Norbert, juu ya baiskeli mpya anayoinua kwa kidole kimoja. Akauliza: "Vipi mzee, imekufa baiskeli au umekufa wewe?" Nikamwambia nakagua mawe. Akasema niyasalimie.

Halafu kuna binamu yetu Stijn. Miguu kama nguzo za kanisa. Waliobaki ni mashangazi na watoto. Wapinzani wa kweli, basi, ni wawili. Nimelala chini ya mti wa tufaha mchana kutwa nikiwafikiria. Mazoezi ya kichwa nayo ni mazoezi.

Jumatano, 4 Septemba

Godelieve kajiandikisha mbio! Mke wangu! Na ile baiskeli yake ya kikapu, anayoendea kazini kwenye duka la mikate kila alfajiri, upepo ukimpiga usoni. Nikamwambia vizuri sana mama, utatubebea ndizi. Akasema asante. Ana roho nzuri huyu mwanamke, hana makuu.

Nikiwa nakoroga mayonezi ya viazi, wazo likanishukia. Nikaacha kukoroga. Mayonezi yakakatika. Haidhuru!

Kwa nini nikimbie wakati naweza kununua? Kwetu mbio hununuliwa tangu enzi za babu. Wawili wakishawaacha wenzao, utawaona wanaongea kwa pembe ya mdomo bila kutazamana, na kabla ya kufika kanisani wameshaelewana. Si wizi. Ni mazungumzo. Niliacha shule mapema kwa sababu mwalimu alishindwa kunifuata, lakini somo hili nililisoma barabarani.

Jumamosi, 7 Septemba

Stijn kanunuliwa. Msimu wa mbio za baiskeli za matopeni uko mlangoni, naye hurudi nyumbani kila Jumapili kama kiboko. Nikampa mashine yangu ya maji ya kuoshea gari, aitumie mpaka matope yaishe. Akauliza, "Na wewe utaoshea nini gari?" Nikamwambia gari la baba wa ubatizo halichafuki.

Mashine hiyo aliinunua Godelieve. Nitamweleza siku akiwa na nafasi.

Jumanne, 10 Septemba

Mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wanasubiri kuondoka. Asubuhi kuna baridi kidogo. Nimeenda kwa Norbert na kikapu. Ndani ya kikapu: njiwa wangu jike wa mbio, yule aliyewahi kutoka Ufaransa hadi bandani kwangu kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Wengine husema alipotea akarudi kesho yake. Wivu.

Norbert akamshika, akamfungua bawa, akamtazama jicho. Akauliza: "Shemeji, tuelewane. Nauza nini hasa?"

Nikasema ushindi.

"Ushindi tu?"

Nikamwambia ushindi tu, mimi si mlafi. Akatema mate kiganjani, tukapeana mikono. Nilitegemea tutabishana mpaka chakula cha mchana, lakini hata kahawa haikupoa. Nilitaka kumwonea huruma. Mtu anauza jina lake kwa ndege!

Jumapili, 15 Septemba

Naandika mguu ukiwa ndani ya beseni.

Ukungu asubuhi. Mahindi yamekatwa, matrekta ya viazi yameacha tope barabarani. Mizunguko minne: kanisani, mashambani, kilima cha mawe, kisha kurudi mbele ya baa ya Georgette. Jorinde kakaa kwenye kiti mstarini, mikono juu ya tumbo. Kijiji kizima kimetoka.

Watu wakaheshimu maneno yao. Stijn akajifanya kiatu kinambana. Norbert akapiga soga na mashangazi. Nikatoka peke yangu mbele! Sijawahi kuwa peke yangu mbele tangu siku mbwa alipokuwa nyuma.

Sasa, Georgette ana desturi yake. Kila mzunguko akigonga kengele, wa kwanza kupita mlangoni anapata kitu. Mzunguko wa kwanza, paja zima la nguruwe. Nilikuwa peke yangu, nilikuwa na haki ya kupita polepole. Lakini mwanamume haachi paja la nguruwe lipatikane bila jasho. Nikasimama juu ya pedali. Watu wakapiga kelele! Wa pili, jibini, na muuza nyama wa jirani naye akapandwa na mori akaongeza mnyororo wa soseji. Nikalipuka tena. Wa tatu, kreti ya bia. Nikapita mlangoni ulimi uko kifuani.

Mimi mizunguko huihesabu kwa zawadi. Namba huchanganya mtu akipata joto, paja halichanganyi. Paja, jibini, soseji, bia. Nne! Na Georgette akawa anapiga kengele ndefu, mfululizo, kama Pasaka. Nikainua mikono yote miwili. Nikambusu mama nisiyemjua. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaingia ndani.

Nilikuwa nawasimulia habari za yule bingwa, povu mdomoni, Georgette akanisogelea. "Marnix, mpenzi, unafanya nini humu?"

Nikamwambia nasherehekea.

"Kengele ndefu ni ya mzunguko wa mwisho. Tangu unanyonya inapigwa hivyo hivyo."

Nikamwambia najua, napumzika tu. Nikatazama dirishani. Norbert na Stijn wamesimama barabarani, wanatazama baiskeli yangu. Stijn anasema wasubiri, walishauza. Norbert anasema subiri hadi lini, mwenye mali yuko kwenye bia. Wanabishana kwa mikono.

Hapo ikapita baiskeli ya kikapu. Ndani ya kikapu, ndizi. Haikwenda mbio, haikwenda polepole, ilikwenda kama inavyokwenda dukani. Aliyeipanda hakugeuza shingo. Norbert akaitazama mpaka ikapita, akarukia yake, akafuata.

Nikatoka mbio! Lakini bia na kilima cha mawe haviishi nyumba moja. Nilifika wa nne. Ukiondoa wale watatu, ni ushindi.

Jorinde alikuwa analia na kucheka. Kamkumbatia Godelieve. Akasema mwanamke hawezi kuwa baba, basi mke wa mjomba ndiye mama wa ubatizo, na baba ni yule aliyefuata.

Aliyefuata!

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Norbert kudai haki. Njiwa wangu yuko juu ya paa lake, amenona. Nikamwambia tulipeana mikono.

"Tulipeana," akasema. "Niliuza ushindi. Nimeshinda mimi? Nafasi ya pili hukuinunua, shemeji. Nilikuuliza mara mbili."

Nikamuuliza alijuaje kwamba kutakuwa na wa kwanza mwingine. Akasema: "Mkeo hupita mlangoni kwangu kila alfajiri, mvua, upepo, barafu. Mimi humwona. Wewe huwa umelala."

Nimerudi nyumbani. Godelieve anakata lile paja, vipande vyembamba vizuri. Nikamwambia angalau angenidokeza kwamba anakimbia kweli, ningemnunua na yeye. Akasema, "Hukuniuliza bei." Akaendelea kukata. Baadaye akasema, bila kunitazama: "Na mimi sikujaliwa, Marnix. Hukukosa peke yako."

Nikasema nyama ina chumvi.

Alhamisi, 26 Septemba

Amezaliwa! Msichana. Mapafu kama tarumbeta. Elke Godelieve Norberta.

Norberta! Malaika wa Mungu, kamkosea nani?

Godelieve amemshika muda mrefu sana hospitalini. Nikasema zamu yangu. Akasema ngoja. Nikangoja. Akasema ngoja tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Ubatizo. Mvua, majani yameziba mifereji. Norbert kavaa suti, kasimama karibu na maji matakatifu amejaa kifua kama njiwa dume. Mimi nilipewa kugawa lozi za sukari, zile ambazo kwetu hupewa wageni wa ubatizo. Ni kazi ya kuaminiwa, si kila mtu anaweza kugawa lozi bila kula. Niligawa nyingi.

Kule baa nikawaeleza watu ukweli wa mambo: kwamba mke wangu nilimfundisha mwenyewe kwa siri, kwamba mzunguko wa tatu nilisimama makusudi ili kuwachanganya wapinzani, na kwamba bila mpango wangu mtoto yule angekosa jina la ukoo wetu. Wakaninunulia bia. Georgette akataka kusema neno, akabadili mawazo.

Kisha Jorinde, mtoto begani, akanitania: "Usihuzunike mjomba, nikijaliwa wa pili tutakimbia tena." Tena! Nyie mmesikia!

Sikupoteza muda. Norbert nimemalizana naye pale pale kwenye kona ya baa, mdomo pembeni. Safari hii nimemnunua wa kwanza na wa pili. Hapenyi! Anachukua kibanda changu cha bustani, na majembe yake. Alikubali haraka, hata nikamwonea huruma. Stijn naye anabaki na ile mashine moja kwa moja. Ukoo mzima sasa uko mfukoni mwangu, mashangazi nao, mmoja mmoja, kwa lozi.

Tulipofika nyumbani nikamweleza Godelieve mpango wote, kwa sababu kati ya mume na mke hakuna siri. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama sijasahau mtu.

Nikafikiri vizuri. Nikamwambia sijasahau mtu.

Akasema haya. Akavaa koti la mvua, akatoa baiskeli, akashika njia ya kilima cha mawe. Mvua yote hii! Sijui anafuata nini huko.