Udongo, Plastiki na Mguu wa Dada

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza: Ijumaa atachagua sampuli moja tu ya plastiki, iende karakana ya miguu ya bandia. Tunaoshindana ni wawili, mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Lazima nishinde. Dada yangu anatembelea mguu wa plastiki, na umeshampasukia mara mbili, ya pili akiwa amembeba mwanawe. Nimemwahidi mbele ya ukoo mzima kwamba wa tatu utatoka mikononi mwangu.

Jumanne, 4 Machi
Udongo huipa plastiki nguvu, ila tabaka zake hung'ang'aniana kama kurasa za daftari lililolowa. Dawa yake ni hewa ukaa, ikibanwa na kupashwa moto hadi isiwe gesi wala maji. Inapenya katikati. Ukiiachia ghafla, kurasa zinatawanyika. Ndipo unachanganya na plastiki. Miwani anauacha udongo humo saa nzima kwanza. Mvivu! Mimi nimetia udongo na plastiki pamoja, nikafungua vali ya kuachia hewa papo hapo. Kishindo! Plastiki imeumuka, matundu matupu. Fundi mitambo, mama asiyecheka, kaniuliza kama nimehamia kuoka mikate.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna muda wa kurudia. Visanduku vyetu vya sampuli viko kabatini tangu jana, vimefungwa, kila kimoja na kibandiko cha jina. Wenzangu walipokwenda kula, nikabadilisha vibandiko. Nilijiambia ni kwa ajili ya dada. Miwani aliporudi akaniuliza dada anaendeleaje. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Mkuu kafungua kisanduku chenye jina langu: mkate wangu uleule. Cha Miwani: kipande kisicho na tundu, kigumu, mashine imekivuta mpaka yenyewe ikalalamika. Sikuelewa. Miwani naye kaduwaa. Akanivuta pembeni, akaungama: Jumatano alisikia habari za dada, akabadilisha vibandiko ili ushindi uwe wangu. "Samahani, ndugu yangu," akasema, "sijui nimekosea wapi."
Nikamwambia nimemsamehe.

Ijumaa, 25 Aprili
Dada kapata mguu, wa plastiki ya Miwani. Kavuka ukumbi wote bila kushika ukuta, kageuka, karudi akitabasamu. Nimelia, sifichi. Kisha akaomba namba ya simu ya Miwani amshukuru.
Sasa nimeitambua silaha ya yule bwana: wema! Jumatatu naanza mimi. Nitamtendea wema kimyakimya, mfululizo, bila huruma, mpaka aombe uhamisho.