Bure Hadi Saa 2

Jumatatu, 4 Machi

Barua imekuja. Imekuja chuoni, haikuja nyumbani. Kwa nini chuoni? Tena bahasha ilikuwa imeshafunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Gundi ya ofisi yetu! Naijua, ile inayonuka samaki.

Imetoka kwa kampuni yenye maegesho ya magari nyuma ya duka la magodoro. Inasema gari la chuo chetu cha udereva, lenye kibao cha JIFUNZE NASI juu ya paa, liliegeshwa pale Alhamisi iliyopita kuanzia saa saba na robo mchana hadi saa kumi na moja kasorobo. Muda ulipita. Faini! Kiasi sikiandiki. Nikikiandika nitakuwa nimekikubali.

Ulipita muda gani? Kibao cha pale nilikisoma kwa macho yangu mwenyewe: MAEGESHO BURE HADI SAA 2. Saa mbili ni saa mbili, jua limeshazama, watu wako mezani. Mimi niliondoka jua bado linachoma. Leo wananiambia walimaanisha saa mbili tu tangu mtu aingie. Wizi mtupu!

La pili. Chini ya barua wameandika: picha imeambatanishwa. Picha haimo. Nimekung'uta bahasha mpaka ikachanika. Kuna mtu kaichukua.

Na hii si wiki ya kupata faini. Ijumaa ya wiki ijayo Mama Mkurugenzi anachagua mwalimu mkuu. Tumebaki wawili, mimi na Breki. Breki ni mwalimu mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hukanyaga breki hata kabla mwanafunzi hajawasha gari. Mkurugenzi ameshasema mwenye doa asijisumbue. Mwalimu mkuu anapewa ofisi yenye mlango, na ndani ya ofisi kuna kochi refu. Nimeshalipima. Nalala lote, mpaka vidole vya miguu.

Kochi si anasa. Mama mkwe alikuja kututembelea kwa siku mbili, na sasa ni miezi minne. Yeye analala chumbani na binti yake. Mimi niko sebuleni kwenye kochi la watu wawili, miguu juu ya kigoda. Siku ya kwanza aliniuliza kama nalala vizuri. Nikamjibu nalala kama mfalme. Mkwe haambiwi shida.

Jioni Breki alipita mezani kwangu akanipa pole. Sikuwa nimemwambia mtu! Pole ya nini?

Jumanne, 5 Machi

Breki amenishauri nilipe kimyakimya, yaishe. Akasema kama nimebanwa atanichangia nusu. Aha! Mtu anayekitaka kiti chako akuchangie faini? Tangu lini? Anataka nilipe ili iwe nimekiri kosa. Nikamwambia asante, sijafikia hapo.

Mke wangu naye anasema nilipe. Mama mkwe, anachambua maharage, hakuinua uso. Aliuliza tu nilikuwa nafanya nini nyuma ya duka la magodoro mchana kutwa. Nikajibu nilikuwa kazini, nafundisha. Akasema, "Mh."

Siipendi "mh" ile. Ni fupi lakini ina vyumba vingi.

Nilikuwa kazini. Siandiki zaidi ya hapo, shajara hii haina kufuli.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua kisanduku cha bati chenye kufuli. Ufunguo nimeuficha chini ya mto wa kochi, mahali ambapo hakai mtu isipokuwa mimi usiku na mama mkwe mchana. Sasa naweza kuandika.

Nilikuwa nimelala.

Mwanafunzi wangu wa siku ile, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, alituma ujumbe kwamba ana mafua. Ningerudi ofisini. Nikajiambia nipumzishe macho kidogo. Nikahamia kiti cha mwanafunzi, maana kile ndicho kinacholala hadi nyuma. Kuja kuzinduka, saa kumi na nusu! Kwenye daftari la masomo niliandika: somo, rivasi. Mwanafunzi anaendelea vizuri. Si uongo mkubwa. Mafua yake yalikuwa yanaendelea vizuri.

Leo nilikwenda kwenye maegesho, kwa miguu, wasije wakanitega tena. Mlinzi wa pale tunamwita Filimbi, anayo shingoni hata akila. Nikamuuliza "saa 2" maana yake nini. Akasema kila mtu anajua, masaa mawili. Nikamuuliza sasa hivi ni saa ngapi. Akasema saa nne. Nikamwambia unaona! Saa nne yako ni ya saa ya ukutani, saa mbili yangu iwe ya nini? Akafikiri. Akafikiri tena. Akapuliza filimbi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika rufaa. Kurasa kumi na moja, zote mimi. Nimewauliza: ninapomwambia mke wangu nitarudi saa mbili, je, ananitegemea baada ya saa mbili, au anapakua chakula saa mbili? Jibuni hilo.

Breki alichungulia begani kwangu. Akasema hoja ya kibao ni nzuri, itashinda yenyewe, ila kwa jina la Mungu nisidai picha. Alisema hivyo mara mbili na jasho likamtoka puani.

Kwa nini anaogopa picha? Nimewaza hilo tangu mchana. Jibu ni moja: yumo. Alikuwa pale siku ile, ananipeleleza! Ndiye aliyeiiba picha ya kwanza kwenye bahasha, ajifiche. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeongeza ukurasa wa kumi na mbili. Nadai picha ZOTE za siku ile, kubwa, za rangi, nakala moja kwa mwajiri wangu ili ukweli ujulikane.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeipeleka rufaa kwa mkono. Posta siiamini. Ofisi ya kampuni iko juu ya duka la rangi, chumba kimoja, kioo kimoja, karani mmoja mwenye miwani juu ya kichwa na nyingine machoni. Akasoma ukurasa wa kwanza, akamwita mwenzake. Mwenzake akasema saa mbili ni saa mbili usiku. Karani akasema hapana, ni muda. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mpaka bosi wao akatoka ndani na kikombe cha chai akauliza nani amefariki.

Karani akaeleza kwamba zamani kibao kiliandikwa MASAA 2, na hakuna aliyelalamika. Mwaka jana mtu mmoja akawaandikia barua kali kwamba "masaa" si Kiswahili sanifu, ni aibu kwa taifa. Wakaona haya, wakakifuta wakaandika SAA. Akanionyesha barua yenyewe, imo faili. Nikaitazama. Mwandiko niliutambua mara moja, hasa zile "a" zenye mkia. Nikaigeuza rufaa yangu kifudifudi, zisije "a" zake zikaonekana.

Kuhusu picha, akaniuliza kama kweli nataka zifike kwa mwajiri. Akaniuliza tena. Akavua miwani moja akaniuliza mara ya tatu. Hata huyu! Breki ana mkono mrefu. Nikasema zote, na nikatia sahihi.

Jumatano, 13 Machi

USHINDI! Kampuni imekiri. Kibao kina maana mbili, faini imefutwa, kibao kitabadilishwa. Picha zitatumwa chuoni kama nilivyoomba. Nimeisoma barua kwa sauti ofisini, nimesimama juu ya kiti.

Breki peke yake hakupiga makofi. Alinivuta pembeni akaniuliza kama hakuna njia ya kuzizuia hizo picha njiani. Yuko tayari kwenda mwenyewe alfajiri. Maskini, anatapatapa. Karibu nimwonee huruma.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe jinsi haki ilivyoshinda. Akasema, "Mh."

Ijumaa, 15 Machi

Nilivaa suti. Naandika hili kwanza kwa sababu ndilo jambo pekee la leo lililokwenda sawa.

Mkurugenzi alikuwa na bahasha kubwa mezani. Nikamwambia aifungue mbele ya Breki. Niliomba mwenyewe! Akazipanga picha saba kama karata. Ya kwanza, gari linaingia. Ya pili, mimi nahamia kiti cha mwanafunzi. Ya tatu, navua viatu. Ya nne, nimelala, mdomo wazi. Ya tano, saa moja baadaye, mdomo ule ule. Ya sita, mguu umetoka dirishani, soksi ina tundu. Ya saba, natoka, alama ya mkanda imenichora shavu zima. Breki hayumo hata moja. Nilizitazama zote nikimtafuta.

Kisha Mkurugenzi akafungua daftari la masomo pembeni yake. Akaniuliza, taratibu, mwanafunzi wa rivasi yuko wapi. Nikasema alikuwa amerudi nyuma sana, ndiyo maana haonekani kwenye picha.

Hakuna aliyecheka. Akaniuliza kama ni kweli hizi picha niliziomba mimi, kwa maandishi, za rangi. Nikasema ndiyo. Akasema katika miaka yake yote kazini hajawahi kuona mtu anayejipeleka machinjioni na kisu amebeba mwenyewe.

Breki ndiye mwalimu mkuu. Mimi nimepewa gari la zamani, lile ambalo viti vyake havilali.

Nje ya mlango Breki alitoa picha kwenye pochi akanipa. Ni ile iliyopotea, mdomo wazi. Alisema aliichomoa Jumatatu ile kabla Mkurugenzi hajaiona, akabandika bahasha upya. Alitaka kunisitiri, alishindwa tu namna ya kuniambia. Niliona haya. Kweli kabisa, niliona haya mpaka masikio yakawaka, na nikamwomba radhi.

Usiku nimewaza. Kwa nini aliitunza kwenye pochi siku zote hizi?

Jumamosi, 16 Machi

Mke wangu hanisemeshi. Mama mkwe ndiye aliyekuja kukaa nami sebuleni. Akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia, kwamba kama mimi mwanawe silali, ningesema. Yeye ni mfupi, kochi linamtosha na kubaki. Leo leo tubadilishane, mimi nirudi chumbani kwangu. Machozi yalinilenga. Miezi minne! Shingo yangu, mgongo wangu, vilimsikia.

Kisha nikashtuka. Amejuaje kwamba silali? Na kwa nini analitaka kochi? Kochi liko hatua tatu tu kutoka kwenye kisanduku changu cha bati! Nikamshukuru sana, nikamwambia asijisumbue, nalala kama mfalme. Akainuka, akaenda kulala.

Nimefungua shajara sasa hivi. Pembeni ya ukurasa wa Alhamisi ile, palipoandikwa nilikuwa nimelala, kuna neno moja kwa penseli: Mh.

Si mwandiko wangu. Breki! Ameingiaje ndani?

Jumatatu, 18 Machi

Mama wa vitambaa ametuma ujumbe. Mafua yamerudi.

Nimepita nyuma ya duka la magodoro, kupita tu, kuona ushindi wangu. Kibao kipya kimesimama, rangi haijakauka: MAEGESHO BURE DAKIKA 120. Filimbi alikisimamia kifua mbele, akaniambia safari hii hakuna maneno, wamekaa kikao siku nzima kukiandika.

Nikakisoma. Nikakizunguka. Dakika mia na ishirini, sawa. Kuanzia lini? Hawakusema. Tangu niingie? Tangu nizime gari? Tangu nifumbe macho?

Nimeegesha. Viatu nimevua. Kwenye daftari la masomo nimeandika ukweli mtupu, asije mtu kunisumbua: somo, kuegesha. Kiti cha gari hili hakilali, lakini mimi nalala.